Mgeni aonyeshwe choo kwanza

Mama wa miaka 67 kutoka Tanga alifanya kazi miaka 22 katika nyumba ya wageni ya Serikali kwenye milima ya Usambara. Alitandika vitanda vya mawaziri, akapiga pasi mashuka ya mabalozi, na mpaka leo anaweza kukwambia ni mgeni gani alikunywa chai ya rangi na yupi alitaka maziwa.

Kwa hiyo alipokwenda Tokyo, Japan, kumtembelea binti yake kwa wiki nne, binti hakupata shida kuchagua pa kumpeleka. Alipanga kumwonyesha Akasaka, nyumba ya wageni ya Serikali ya Japan, ambako marais na wafalme hulala wanapokuwa kwenye ziara rasmi.

"Nilitaka mama aone kazi aliyoifanya maisha yake yote, lakini kwa ukubwa wake wa mwisho," anasema binti huyo, ambaye anaishi Tokyo na mumewe na mtoto wao wa kiume wa miaka minane.

Walikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, si joto wala baridi. Walishuka kituo cha treni cha Yotsuya, wakatembea taratibu hadi lango la magharibi, mabegi yakakaguliwa kama uwanja wa ndege, wakalipa kiingilio. Siku hiyo kilikuwa yeni 1,500 kwa mtu mzima kwa jengo kuu na bustani.

Jambo moja tu lilimshangaza binti. Mama yake, ambaye nyumbani hamalizi saa bila maji au chai, tangu asubuhi alikuwa amekunywa funda mbili tu.

Nyumba iliyopendeza kuliko kukalika

Jengo la Akasaka lilikamilika mwaka 1909 baada ya ujenzi wa miaka kumi. Msanifu wake, Katayama Tokuma, alitembelea majumba ya kifalme ya Ulaya kabla ya kuchora ramani, ndiyo maana mtu akisimama mbele yake anaweza kudhani yuko Ufaransa. Ni baadaye, akiinua macho juu ya paa, anapoona mavazi ya vita ya samurai yaliyochongwa kwa shaba, kofia na vyote, yakilinda mlango mkuu.

"Hao ndio askari wa getini?" aliuliza bibi.

"Hao hawalali, bibi," alijibu mjukuu.

"Basi nawe mume wangu ujifunze kwao, unalala mno."

Nyumba hiyo ilijengwa iwe makazi ya mrithi wa kiti cha ufalme, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Taisho. Lakini yeye hakuitumia sana. Inasemekana hata baba yake, Mfalme Meiji, aliona imezidi anasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikawa mali ya Serikali, na kwa miaka kadhaa ilitumika kama maktaba ya Bunge, kisha ofisi ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964.

Ilifanyiwa ukarabati mkubwa kuanzia mwaka 1968 chini ya msanifu Murano Togo, ikafunguliwa mwaka 1974 kama nyumba ya wageni. Mgeni wa kwanza wa kitaifa kupokelewa hapo alikuwa Rais Gerald Ford wa Marekani, mwaka huohuo. Wakuu wa mataifa tajiri wamefanya mikutano yao hapo mwaka 1979, 1986 na 1993. Mwaka 2009 jengo likatangazwa kuwa Hazina ya Taifa, na tangu mwaka 2016 wananchi wanaruhusiwa kulitembelea karibu mwaka mzima, isipokuwa siku za mapumziko na siku ambazo kuna wageni.

Binti alimtafsiria mama yake hayo yote huku wakipanda ngazi za marumaru. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema jambo la mtu wa kazi.

"Nyumba nzuri ikikosa mtu wa kuikaa ni kama sahani ya ukutani. Afadhali walivyoleta wageni."

Chumba baada ya chumba

Chumba cha kwanza kikubwa kinaitwa Asahi no Ma, yaani chumba cha jua la asubuhi. Darini kumechorwa mungu wa kike akiendesha gari la farasi. Kuna nguzo 16 za marumaru kutoka Norway, na chini zulia lenye rangi ya zambarau ya aina 47, toka nyepesi hadi nzito, lililofumwa mfano wa maua ya micheri yaliyoanguka. Hapo ndipo mgeni wa kitaifa hukutana na mwenyeji wake.

Mama alilitazama zulia kwa makini. Binti alisubiri maswali. Enzi zake mama angeuliza linafuliwa na nini, linakunjwa vipi, na nani anaruhusiwa kulikanyaga na viatu. Hakuuliza. Alisema, "Zuri. Twende."

Chumba cha karamu, Kacho no Ma, kina picha 30 za duara refu za ndege na maua, zilizotengenezwa kwa rangi ya kioo iliyochomwa juu ya chuma, zimepachikwa kwenye kuta za mbao. Kinaweza kuchukua wageni wapatao 130 mezani. Hapo mama alisimama kidogo, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu sahani.

"Watu 130, sahani nne kila mmoja," alisema. "Na hapo hujahesabu glasi." Kisha tena, "Twende."

Kwenye ukumbi wa mwisho, Hagoromo no Ma, ambao ulijengwa kwa ajili ya dansi na una roshani ya wapiga muziki, kuna taa tatu kubwa za vioo zinazoning'inia, kila moja ikiwa na uzito wa takriban kilo 800. Mjukuu alikuwa anauliza zinasafishwaje. Bibi yake alikuwa ameshafika mlangoni.

Binti anakiri kwamba aliumia. Alikuwa amekusanya siku ya mapumziko, amepanga njia, amesoma historia ya kila chumba ili aweze kuitafsiri. "Nilijiambia, mama hafurahii. Au amechoka na mimi. Nikanyamaza."

Hivyo ndivyo walivyotoka kwenda bustanini, kila mmoja na kimya chake.

Simu inalia saa saba

Bustani kuu iko upande wa kusini. Imetandazwa kokoto nyeupe, na katikati kuna chemchemi kubwa yenye sanamu za wanyama, maji yakiruka na kuanguka muda wote. Pembeni kuna miti iliyopandwa na viongozi waliowahi kufika hapo, akiwamo Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Miti hiyo imekua, na wengi wa walioipanda hawapo tena duniani.

Kutembea juu ya kokoto si kazi nyepesi kwa magoti ya mtu mzima. Mama alitembea akiwa amebana mapaja, hatua fupi fupi. Binti alimshika mkono, akaona miguu imevimba juu ya viatu.

Saa saba mchana simu ya mama ikalia. Aliichomoa, akaizima, akairudisha kwenye pochi.

"Bibi, hiyo ni ya dawa," alisema mjukuu. "Mama, kila siku inalia na bibi anaizima."

Watoto hawajui siri. Mama alimtazama mjukuu, kisha chemchemi, kisha binti yake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "hapa choo kiko wapi?"

Mhudumu aliwaonyesha. Mama alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikaa kitako, akavua kiatu kimoja, na habari yote ikatoka.

Ana shinikizo la juu la damu tangu mwaka 2016. Kila siku hunywa kidonge kimoja cha kupunguza maji mwilini, kile ambacho wengi hukiita kidonge cha kukojosha. Nyumbani Tanga hukimeza saa moja asubuhi, anafagia uwanja, anakwenda haja mara tatu nne, na ikifika saa nne amemaliza. Ndipo hutoka kwenda sokoni.

Siku alipopewa dawa hiyo aliambiwa aimeze saa ileile kila siku, asibadilishe. Naye ni mtu wa kufuata maagizo. Kwa hiyo alipofika Tokyo aliiacha simu yake kwenye saa za nyumbani. Tatizo ni kwamba Tokyo iko mbele ya Tanga kwa saa sita. Saa moja asubuhi ya Tanga ni saa saba mchana ya Tokyo, wakati ambao karibu kila siku binti yake alikuwa amemtoa matembezi.

"Nikimeza njiani nitaadhirika," alisema. "Nisipomeza, nani atajua?"

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo alilisema akiangalia kokoto. Tangu alipojifungua mtoto wa nne, akikohoa, akicheka sana au akipanda ngazi kwa haraka, mkojo humtoka kidogo. Ndiyo maana hakunywa maji. Ndiyo maana alikuwa anasema "twende" kila chumba. Alikuwa hachoki na historia. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

Binti alibaki kimya. Dada mkubwa wa mama yake aliacha dawa za presha mwaka juzi kwa kuwa alijisikia mzima. Alipata kiharusi, na mpaka leo analishwa.

"Miaka 22," mama alisema, kama anayejicheka, "mgeni akifika, kabla sijamwonyesha kitanda, namwonyesha choo. Leo mimi mwenyewe nimeshindwa kumuuliza mtoto niliyemzaa."

Vidonge vilivyobaki

Jioni ile walihesabu vidonge. Mama aliondoka nyumbani na 30. Siku 12 zilikuwa zimepita, hivyo vilitakiwa vibaki 18. Vilikuwepo 25. Katika siku 12 alikuwa ameruka saba.

Walinunua kipimo cha presha. Mara ya kwanza kilisoma 172 kwa 98. Alipokwenda haja, akakaa dakika tano na mgongo umeegemea kiti na mkono umewekwa juu ya meza, kilisoma 168 kwa 96. Kwa mtu mzima, kipimo kinachorudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi kinahesabiwa kuwa ni shinikizo la juu.

Mama alisema hasikii chochote. Hilo ndilo la kuogopesha kuhusu presha, kwa kuwa mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kutembea ikulu nzima, akahesabu sahani, huku mishipa yake ikiwa kwenye mateso. Shinikizo la juu ndilo linaloongoza kwa kusababisha kiharusi, na kuruka dawa ni mojawapo ya njia za mkato za kufika huko.

Kesho yake walimpigia daktari anayemhudumia Tanga. Aliwaeleza kwamba agizo la "saa ileile" lilikuwa na maana ya kumsaidia mgonjwa asisahau na dawa ifanye kazi kwa mfululizo. Halikuwa na maana kwamba saa ya Tanga imfuate hadi Japan. Kwa kidonge chake cha mara moja kwa siku, alimruhusu ahamie asubuhi ya Tokyo, asimeze viwili kufidia alivyoruka, apime presha asubuhi na jioni na aandike kwenye daftari.

Kuanzia hapo mama alimeza saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka saa tatu na nusu mizunguko mingi ilikuwa imekwisha, na matembezi yakaanza baada ya hapo. Maji akayarudia. Wiki moja baadaye presha ilisoma 146 kwa 88. Alipokaribia kuondoka ilikuwa 138 kwa 84.

Yanayofichwa na wazazi

Kisa hiki kimetokea mbali, lakini hakihitaji ndege. Wapo akina mama wanaoruka kidonge siku ya harusi, siku ya msiba, siku ya safari ya basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, kwa sababu ileile. Wengine huacha kunywa maji siku nzima. Mkojo mzito unaweza kukichokoza kibofu na kuongeza hamu ya kukojoa, na kwa mtu mzima upungufu wa maji huleta kizunguzungu na kuanguka.

Kama dawa inakusumbua, mweleze daktari sababu yenyewe bila kuificha. Sema, "Inanipeleka chooni nikiwa safarini." Anaweza kubadili saa ya kumeza, kiwango, au aina ya dawa. Zipo dawa nyingine za presha ambazo haziongezi mkojo namna hiyo. Usibadili wala kuacha mwenyewe.

Unaposafiri kwenda nchi yenye tofauti ya saa, uliza kabla ya kuondoka utahamishaje muda wa kila dawa. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaotumia insulini. Beba dawa kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Kila nchi ina sheria zake. Japan, kwa mfano, huruhusu dawa za kuandikiwa na daktari kwa matumizi ya mwezi mmoja bila kibali maalumu, lakini baadhi ya dawa za mafua na maumivu zinazouzwa kwingine zimepigwa marufuku au zina masharti.

Kuhusu mkojo kutoka bila hiari, si aibu wala si lazima iwe sehemu ya uzee. Mara nyingi hutokana na kulegea kwa misuli ya chini ya nyonga baada ya uzazi na umri, na ipo mazoezi yake. Kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza, hesabu tano tena. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, bila kubana pumzi. Mazoezi hufanywa ukiwa umekaa au umelala, si wakati unakojoa. Mabadiliko huchukua miezi, mara nyingi mitatu, hivyo usikate tamaa wiki ya pili. Ukiona damu, maumivu au homa, nenda hospitali mapema.

Na kila mtu nyumbani ajue dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuparaganyika. Hapo hakuna kusubiri kipimo wala chai ya tangawizi. Ni hospitali muda huohuo.

Kurudi bustanini

Siku tatu kabla ya kupanda ndege, mama aliomba arudishwe Akasaka. Binti alidhani anatania.

Walirudi. Safari hii mama alichukua saa nzima kwenye ukumbi wa karamu na ukumbi wa dansi. Aliuliza kuhusu zulia. Aliuliza nani anapanda kusafisha taa za kilo 800. Alitaka kujua mashuka yanapigiwa pasi wapi, swali ambalo binti yake hakuweza kulijibu wala hakulipata kwenye maelezo.

Kisha wakakaa nje, chupa ya maji katikati yao, mjukuu akitupa maswali kwa bibi yake kuhusu wageni wa zamani wa milimani. Mama akacheka sana kwa jambo moja, akajishika tumbo, akainuka bila haraka.

"Nakwenda mara moja," alisema kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia. "Niwekeeni nafasi."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ana wajibu wake. Mzazi akija kwako, iwe ni Tokyo au Tandika, usianze na sebule. Mwonyeshe choo kiko wapi, muulize anameza nini na saa ngapi, halafu ndipo umtoe matembezi.